Mgonjwa wa Saratani Aelezwe Kabla ya Dripu ya Kwanza

Doksorubisini, dawa itumikayo kutibu saratani ya matiti na nyinginezo, ni nyekundu. Mgonjwa aliyetiwa dawa hiyo mshipani huweza kukojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa tu, wala si damu. Lakini asiyeambiwa mapema atajuaje? Huenda akaamini kwamba figo zake zimeharibika, asirudi tena hospitalini. Kwa hiyo maelezo yatolewayo kabla ya matibabu hayana budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Saratani ni seli za mwili zigawanyikazo pasipo kiasi. Dawa nyingi za kuitibu hushambulia seli zinapogawanyika, na kwa bahati mbaya hazibagui. Mashina ya nywele, utando wa kinywa na utumbo, na uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, navyo vina seli zigawanyikazo upesi. Ndiyo maana nywele hunyonyoka na kinywa huchubuka. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha, na kichefuchefu kina dawa zake, ambazo hutolewa kabla ya dripu kuanza.

Jambo la hatari zaidi ni homa. Kwa dawa nyingi, chembechembe nyeupe za damu hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14, nazo ndizo askari wa mwili. Vijidudu vikiingia wakati huo, mgonjwa aweza kufa katika muda wa saa chache. Hapa kwetu mtu akipata homa hudhani ni malaria, akanunua vidonge dukani na kulala. Mgonjwa huyu asifanye hivyo kamwe. Joto likifika digrii 38, aende hospitali mara moja, hata iwe usiku, aseme kwamba anatumia dawa za saratani, ili apimwe na kupewa viuavijasumu bila kuchelewa. Vidonge vya kushusha homa huficha dalili tu.

Wengine huacha dawa uvimbe unapoyeyuka. Mwanafunzi na apige hesabu: uvimbe wa sentimita 1 huweza kuwa na seli zipatazo 1,000,000,000. Dozi moja ikiua 99 katika kila 100, zitabaki 10,000,000, ambazo hakuna mkono uwezao kuzipapasa. Hizo ndizo zinazofuatwa na dozi zinazobaki.

Kumwuliza mgonjwa, “Umeelewa?” hakutoshi, kwani kwa adabu atajibu, “Ndiyo, daktari.” Afadhali aulizwe, mbele ya ndugu amwuguzaye, “Ukipata homa usiku wa manane, utafanya nini?” Jibu lake litaonyesha alichokielewa.

Aulizwe pia habari za mitishamba, bila kukemewa, maana akikemewa ataficha. Vinkristini, dawa mashuhuri ya saratani, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, uliopandwa katika nyua nyingi. Wapo wanaoona kwamba basi yatosha kuchemsha majani yake. Lakini dozi ya vinkristini ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, na ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu. Sufuria ya majani haina kipimo, na ndani yake mna sumu nyingine kadha wa kadha.