Sikio haliruki ukurasa



Safari ya kwenda kigango chetu cha mbali ni saa mbili za vumbi, na redio huko haishiki. Nimejizoeza kusikiliza vitabu kwenye simu. Upo mradi uitwao LibriVox, ulioanza mwaka 2005, ambao watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Kusikiliza ni bure. Vingi ni vya Kiingereza, lakini seminari ilitupatia Kiingereza cha kutosha (na Kilatini kuliko tulichohitaji).

Mwezi huu nimesikiliza Tess of the d'Urbervilles, riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1891. Niliwahi kuisoma nikiwa frateri, harakaharaka. Kitabu cha karatasi kinakuruhusu: ukiona majonzi yanakuja, jicho linaruka mistari. Sauti haina haraka. Anayesoma anakwenda mwendo wake, nawe unakaa naye hadi mwisho.

Tess ni binti maskini wa kijijini Uingereza, aliyezaa nje ya ndoa baada ya kudhulumiwa na kijana tajiri. Usiku mmoja kichanga chake kinazidiwa, na baba yake, kwa kuona aibu, anakataa mchungaji asiitwe. Tess anawaamsha wadogo zake, wanapiga magoti mbele ya beseni, naye anambatiza mwanawe na kumpa jina lenye maana ya Huzuni. Alfajiri mtoto anafariki. Gazeti la The Graphic, lililoitoa riwaya hiyo kwa sehemu, halikuwa na ubatizo huo. Hardy aliuchapisha katika jarida jingine.

Kisha Tess anamwendea mchungaji. Je, ubatizo wangu ni sawa na kama ungembatiza wewe? Mchungaji anasitasita, anakubali kuwa ni sawa. Basi utamzika Kikristo? Hapo anaona vigumu. Mtoto anazikwa usiku kwa mwanga wa taa, katika kona ya makaburi yenye viwavi, pamoja na walevi na waliojiua. Tess anatengeneza msalaba kwa vijiti viwili na kamba.

Nilisimamisha gari kando ya barabara, lakini sikuzima simu.

Unajua, ndugu msomaji, kwamba kwetu Wakatoliki mtu yeyote anaweza kubatiza panapokuwa na hatari ya kifo, akitumia maji na maneno ya Utatu na kukusudia kile Kanisa linachokusudia. Pengine hujui kwamba hata mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza, Askofu anaweza kuruhusu apewe mazishi ya Kanisa. Mimi nilijua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa padri kijana, mama mmoja alikuja na bibi yake asubuhi sana. “Baba Padri, mtoto ameondoka usiku.” Niliuliza kama alikuwa amebatizwa. Hakuwa. Nikawaambia basi wazike tu nyumbani, nikaingia kwenye kikao cha fedha. Sikuwa mkali. Yule mchungaji wa Hardy naye hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma.

Wapo watakaoniuliza padri anatafuta nini kwenye riwaya za huzuni. Kila Ijumaa Kuu tunasimama kusikiliza Mateso yote, na hakuna asiyejua yanakoishia. Hatuyaruki. Jaribu nawe kitabu kimoja cha namna hiyo, ukiwa unapika au uko safarini, na kikikuchoma usisogeze mbele.

Juzi nilimpigia simu katekista wa parokia ile. Mama yule bado yupo, na kaburi analijua: liko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Nimemwomba amuulize kama naweza kwenda Jumamosi. Bado hajanijibu.