Mchungaji, Jaji na Ibara ya 21

Vijana wa usharika wetu hapa Dodoma wana swali moja wanalolirudia kila tunapokutana Jumamosi jioni: "Mwalimu, Mkristo anaruhusiwa kuingiza imani yake kwenye mambo ya nchi?" Huniuliza mimi kwa kuwa nilifundisha somo la uraia sekondari mpaka nilipostaafu, na sasa ni mzee wa kanisa, kwa hiyo wanadhani jibu ninalo pande zote mbili. Huwa siwajibu kwa ndiyo wala hapana. Nawasimulia habari ya Wakristo wawili waliokutana katika shauri moja, mmoja akidai, mwingine akihukumu.

Aliyedai ni Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa Kanisa la Full Salvation na mwenyekiti wa chama cha Democratic Party. Alikuwa mtu wa Ludewa, mkali wa maneno, asiyeogopa polisi wala mahabusu. Aliyehukumu ni Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, Mwanglikana mzaliwa wa Zanzibar, mwanajeshi aliyefikia cheo cha brigedia jenerali, ambaye baada ya kustaafu Ujaji Mkuu alipewa upadre. Walisoma Biblia moja. Kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, mahakamani waliishia pande mbili tofauti.

Kabla ya kuingia katika shauri lenyewe, nawataka vijana wafungue kile kijitabu cha Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kubadili dini, kisha inaongeza jambo ambalo wengi hulipita: uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali haimchagulii askofu usharika, na haimpangii sheikh hotuba ya Ijumaa. Ibara ya 20 nayo inakataza kusajili chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya imani au kundi la dini fulani. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa bila kuchoka, aliieleza hali hiyo kwa ufupi: serikali haina dini, watu wake wanazo.

Hapo kijana mmoja huinua mkono. Kama serikali haina dini, mbona Rais huapa ameshika Biblia au Msahafu, na Wimbo wa Taifa ni sala tupu? Namjibu kwamba Katiba haikumtaka mtu aache imani yake mlangoni pa ofisi. Imezuia jambo jingine: kuitumia ofisi kuilazimisha imani ya mmoja kwa wengine. Anayeapa anajifunga yeye mwenyewe mbele za Mungu wake. Anachokiapia, yaani kuilinda Katiba, ni cha wote.

Sasa shauri. Mwaka 1992 nchi ilirudi katika mfumo wa vyama vingi. Lakini mtu asiye na chama hakuwa na njia ya kugombea, kwa kuwa ibara ya 39 ilimtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa nacho, na ibara ya 67 ikamtaka hivyo hivyo mgombea ubunge. Mwaka 1993 Mtikila akaenda Mahakama Kuu hapa Dodoma. Alisema sharti hilo linapingana na ibara ya 21, inayompa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na ibara ya 20, inayokataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Aliunganisha pia suala la mikutano ya hadhara: kwa nini raia aombe kibali cha polisi ili akutane na raia wenzake?

Serikali ilianza kwa kuuliza kama Mtikila alikuwa na haki hata ya kusikilizwa. Limemgusa nini yeye binafsi? Jaji Kahwa Lugakingira alilijibu swali hilo kwa ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba. Jaji aliona kwamba katika nchi ambayo wengi ni maskini na hawazijui haki zao, ukisubiri aliyeumizwa aje mwenyewe, Katiba itavunjwa bila mtu kusema neno. Kwa vijana wangu hapa ndipo penye uzito wa kesi nzima. Kuanzia hapo mashauri ya maslahi ya umma yalipata njia pana katika nchi yetu, na aliyesukuma mlango huo alikuwa mhubiri.

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Oktoba 1994. Mgombea binafsi akaruhusiwa, na sharti la kibali cha mikutano likabatilishwa. Kwa upande wa mikutano, matokeo yalibaki: sheria ikabadilika, chama kikawa kinatoa taarifa kwa polisi badala ya kuomba ruhusa. Kwa upande wa mgombea, furaha haikudumu. Serikali ilikuwa imekwisha kuwasilisha bungeni muswada wa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba hata kabla ya hukumu kusomwa, na tarehe 2 Desemba mwaka huo huo ukapita. Marekebisho hayo yaliifunga ibara ya 21 kwa kuiweka chini ya masharti ya ibara zile zile zilizolalamikiwa. Haki ikabaki imeandikwa, lakini ya kugombea ikapewa aliye na kadi ya chama.

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba jambo lenyewe halikuwa geni. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja cha Mbulu kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Nchi haikuvunjika. Na Nyerere mwenyewe, aliyekijenga chama kile, katika miaka yake ya mwisho alipinga hadharani uamuzi wa kumnyima raia asiye na chama haki ya kugombea.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. Serikali ikakata rufani. Mahakama ya Rufani ikaketi na majaji saba, Jaji Mkuu Ramadhani akiongoza, na tarehe 17 Juni 2010 ikatengua. Sababu yao ilikuwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kuifuta ibara moja ya Katiba kwa kutumia ibara nyingine. Mabadiliko kama hayo ni kazi ya Bunge.

Vijana wakisikia hapo hukasirika. Jaji anayemcha Mungu anawezaje kufunga mlango wa haki? Nawaambia wasome hukumu hadi mwisho. Majaji wale hawakusema kumzuia mgombea binafsi ni jambo jema. Walimkumbusha Mwanasheria Mkuu na Bunge kwamba Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa inaona si sawa kumfunga mgombea kwa sharti la uanachama wa chama, wakaitaka nchi iliyosifika kwa kupigania ukombozi wa wengine ilitafakari hilo. Waliliona tatizo, ila waliona mkono wao haufiki huko. Mtu anaweza kubishana nao kisheria, na wanasheria wengi wamebishana nao. Lakini jaji anayejizuia kutumia mamlaka ambayo anaamini hakupewa naye anatunza kiapo chake, na kiapo kwa Mkristo si maneno ya kupita.

Mchungaji hakuchoka. Mwaka 2011 alilipeleka shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa na shauri kama hilo, yakaunganishwa. Ramadhani alikuwa tayari jaji wa mahakama hiyo, lakini kanuni zinamtaka jaji asiketi katika shauri la nchi yake, akajiondoa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika kwa kumnyima raia haki ya kushiriki na kwa kumlazimisha kujiunga na chama, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Mwaka uliofuata Mtikila aliomba fidia ya mabilioni ya shilingi. Hakupata hata senti, kwa kuwa hakuleta ushahidi wa hasara aliyoidai. Alichopata ni amri kwamba muhtasari wa hukumu utangazwe, na kwa Kiswahili pia.

Ramadhani naye hakuishia kwenye hukumu ya 2010. Mwaka 2012 aliteuliwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu iliyotoka katika tume hiyo mwaka 2013 ilimruhusu mgombea huru. Jambo alilosema halimo katika uwezo wa mahakama, alishiriki kulipendekeza pale lilipokuwa na nafasi yake. Mimi naiona hiyo kuwa mfano wa muumini aliyezijua kazi zake mbili na hakuzichanganya.

Nisije nikamfanya Mtikila kuwa mtakatifu. Katika hotuba zake za miaka ya tisini aliwashambulia Watanzania wenye asili ya Asia kwa jina la dharau, na yapo aliyoyasema juu ya Waislamu ambayo nisingependa kijana wangu ayarudie. Mtu huyo huyo, imani hiyo hiyo. Jukwaani alipowagawa raia kwa asili na dini, alijeruhi watu. Mahakamani, alipolazimika kusema kwa lugha ya ibara, alidai haki ambayo ingemfaa Mhindi wa Kariakoo, sheikh wa Tanga na asiyesali popote. Katiba ni kisima cha kijiji: kila mtu huja na ndoo yake, lakini hakuna anayeruhusiwa kukizungushia ua wa nyumba yake. Mtikila aliteka maji humo, na wengine wakayanywa.

Somo hilo liliwekwa kwenye mizani mwaka 2015. Katiba Inayopendekezwa, iliyotokana na mchakato ulioanzia kwenye tume ile, ilikuwa imekabidhiwa kwa Rais Oktoba 2014, na kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili. Wakati huo huo serikali ilikuwa na muswada uliogusa Mahakama ya Kadhi. Mwezi Machi Jukwaa la Wakristo, linalounganisha maaskofu wa Kikatoliki, wa Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na wa makanisa ya Kipentekoste, likatoa tamko la kuwataka waumini wapige kura ya hapana. Muswada uliondolewa, kura ikaahirishwa, na haijapigwa hadi leo.

Siku hizo jirani yangu, hajati ambaye tumekopeshana chumvi na kuzikiana ndugu, alinijia uani akiwa amenuna. "Dada," akasema, "mimi nataka kadhi wa kugawa mirathi ya ndugu zangu. Nyie inawaumiza wapi?" Nilimjibu kwamba kanisa linaogopa dola kugharimia mahakama ya dini moja wakati ibara ya 19 inataka uendeshaji wa dini uwe nje ya mamlaka ya nchi. Akaniuliza kama kanisa lingesema hivyo hivyo iwapo mahakama ingekuwa yetu. Nilisema ndiyo. Kisha akaniuliza kuhusu ruzuku ambazo serikali huzipa hospitali za makanisa. Nikamweleza kwamba zile hutibu kila mtu, hata yeye alijifungulia huko. "Basi hiyo hoja yenu iseme hivyo," akasema, "isiseme Waislamu, iseme kila mtu."

Sijapata mwalimu wa uraia aliyelieleza vizuri kuliko yeye. Maaskofu wana haki ya kusema. Wamesema mara nyingi kuhusu haki na uchaguzi, na mwaka 2023 kuhusu mkataba wa bandari. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka waendelee. Ninachopima ni hoja yao inamtetea nani. Kanisa likisimama kwa ajili ya kanisa peke yake, ni kundi jingine la maslahi, na Katiba italichukulia hivyo. Likisimama kwa haki ambayo asiye Mkristo ataitumia kesho, hapo linatimiza amri ya kumpenda jirani, na linaitimiza kwa njia ambayo jirani mwenyewe anaweza kuikagua.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mkoani Pwani tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao raia asiye na chama hakuruhusiwa kugombea. Ramadhani alifuata Aprili 2020. Chaguzi zilizofuata zimefanyika kwa sharti lile lile, na Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda wenyewe moja kwa moja katika mahakama ya Arusha. Anayetaka kuifuata njia ya mchungaji yule leo atakuta imebana zaidi.

Ndiyo maana vijana wangu sasa nawapa kazi ya kuandika. Kila mmoja achague jambo moja ambalo imani yake inamsukuma kulidai nchini, kisha alieleze kwa ukurasa mmoja bila kutaja dini, akitumia ibara tu. Wiki inayofuata ukurasa huo unapelekwa kwa hajati. Asiposhawishika, unarudi kuandikwa upya.