Mungu Asiyeonekana Ameonekana

Musa alipoomba kuuona utukufu wa Bwana, alijibiwa kwamba hakuna mwanadamu awezaye kuuona uso wa Mungu akaishi (Kut. 33:18-23). Karne nyingi baadaye, katika usiku wa kusalitiwa kwake Bwana, Filipo alimwomba Yesu awaonyeshe Baba. Safari hii jibu lilikuwa tofauti kabisa: amwonaye Yesu amemwona Baba (Yn. 14:8-9). Juu ya jibu hili la pili umejengwa msingi wa imani yetu, ambao wanateolojia huuita umwilisho: Mungu asiyeonekana ameonekana katika mwanadamu Yesu wa Nazareti.

Yatupasa kwanza kueleza jambo ambalo fundisho hili halisemi. Halisemi kwamba Mungu aligeuka, akaacha kuwa Mungu; wala kwamba mtu mmoja mwema alipandishwa hata akawa mungu. Baraza la Nikea la mwaka 325 lilikiri, dhidi ya mafundisho ya Ario, kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Baraza la Kalkedonia la mwaka 451 lilikiri kwamba huyo mmoja ni Mungu kweli na mwanadamu kweli, na kwamba asili hizo mbili hazichanganyiki wala hazitengani.

Hata hivyo, tangu mapema walikuwako walimu walioona haya kumhusisha Mungu na njaa, jasho na mauti. Walifundisha kwamba Kristo alionekana tu kana kwamba ana mwili. Kanisa liliwaita Wadoketi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuonekana kana kwamba. Walidhani wanalinda heshima ya Mungu, lakini Waraka wa Kwanza wa Yohana waeleza kwamba roho isiyokiri kuja kwake Kristo katika mwili haitoki kwa Mungu (4:2-3).

Mwanzoni mwa karne ya pili Ignasio, askofu wa Antiokia, alikuwa akipelekwa Roma na askari ili auawe. Akiwa njiani aliwaandikia Wakristo wa Smirna akitoa hoja hii: ikiwa mateso ya Bwana yalikuwa ya kuonekana tu, basi hata minyororo yake yeye Ignasio ni ya kuonekana tu, kwa nini basi ajitoe kwa upanga na kwa wanyama wakali? Hoja hiyo ilitoka kwa mtu aliyehitaji kujua kama Mungu wake amepita kweli katika njia anayoiendea.

Martin Luther naye, katika hoja alizozitetea Heidelberg mwezi Aprili 1518, alilikumbuka ombi la Filipo. Alionyesha kwamba mwanateolojia wa utukufu humtafuta Mungu katika enzi na uwezo, na kumbe Mungu amejifunua katika unyonge wa Kristo msulubiwa.

Twaandika haya kwa sababu udoketi haujafa. Twausikia mimbarani kila ahubiriwapo Kristo wa afya, mafanikio na ushindi peke yake, asiyechoka wala kulia. Fikirini, ndugu wachungaji na wanafunzi, juu ya mama aliyemzika mwanawe Ijumaa, naye Jumapili akaja ibadani. Akiambiwa kwamba wenye imani hawapatwi na msiba, tumemwonyesha Mungu yupi? Lakini tukimwonyesha Yesu aliyetokwa na machozi kaburini kwa Lazaro (Yn. 11:35), atajua kwamba Mungu mwenyewe amesimama penye udongo ule. Wala ufufuo haukuyafuta hayo, maana Bwana aliye hai ndiye aliyemwonyesha Tomaso alama za misumari (Yn. 20:27).

Katika Katekisimo Ndogo vijana wetu wa kipaimara hufundishwa kukiri kwamba huyu aliye Mungu kweli, aliyezaliwa na Baba tangu milele, na pia mwanadamu kweli, aliyezaliwa na Bikira Mariamu, ndiye Bwana wa kila mmoja wao. Tusiwaache wakariri tu. Tuwafafanulie, ili siku ya majaribu yao wajue ni wapi wamtazame Mungu, wasije wakamtafuta mahali ambapo hakuahidi kuonekana.