Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Naye Apone

Jumapili ya Agosti 10, 2025, uwanja wa Kasarani ulirindima. Vijana wa Harambee Stars, wakiwa wamebaki kumi uwanjani katika kipindi cha pili baada ya mwenzao kuonyeshwa kadi nyekundu, waliilaza Morocco bao moja kwa bila katika michuano ya CHAN. Morocco hiyo hiyo ilirejea Kasarani Agosti 30 ikatwaa kombe, na katika safari yake nzima hakuna timu nyingine iliyoishinda ila Kenya. Wakati huo vijana wetu walikuwa wamekwisha kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo-fainali, lakini fahari waliyotuachia haikuondoka nao.

Ikumbukwe kwamba CHAN ni mashindano ya aina yake. Nchi huruhusiwa kuwatumia wale tu wanaosakata kabumbu katika ligi ya nyumbani. Mwanasoka wetu anayelipwa ng'ambo, hata awe gwiji wa namna gani, huwa mtazamaji kama mimi na wewe. Basi waliowapiga mabingwa ni vijana tunaowaona kila wikendi katika viwanja vyetu visivyojaa watu. Mfungaji wa bao lile, Ryan Ogam, alikuwa mchezaji wa Tusker, na mwaka huo huo akaenda Austria kucheza soka ya kulipwa. Waama, mcheza kwao hutuzwa.

Lakini kuna jambo jingine la kukumbukwa. Aliyewafunza vijana hao, Benni McCarthy, ni mgeni kutoka Afrika Kusini. Yeyote anayetaka kuutumia ushindi ule kudai kwamba wageni hawana faida katika kandanda yetu, na alitafakari hilo kwanza.

Mjadala huu haukuanza jana. Kila msimu wa usajili unapowadia, mashabiki hugawanyika kambi mbili. Wa kwanza husema kwamba vilabu vyetu vimegeuka vituo vya kupokelea wasafiri, na kwamba kijana wa Kakamega au Kisumu hukalia benchi huku mgeni asiyemzidi kitu akipewa nafasi yake. Wa pili hujibu kwamba klabu ni ya kushinda, si ya kulea. Mwenye kipawa na acheze, hata akitoka wapi. Kila kambi ina ukweli wake, na kila kambi imeshika upande mmoja tu wa jambo hili.

Tuwasikilize kwanza wale wa kambi ya kwanza. Mwaka wa 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuwashinda Esperance wa Tunisia. Walitoka sare ya mabao 2-2 ugenini, kisha 1-1 jijini Nairobi, wakapata kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Kikosi kile kilijaa wana wa nchi hii, akina Peter Dawo, Abbas Khamis Magongo na nahodha Austin Oduor. Tangu wakati huo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la bara nyumbani. Je, mfano huo hautoshi?

Hautoshi, kwa sababu jirani zetu wametuonyesha mfano wa pili. Ligi ya Tanzania imewafungulia wageni mlango mpana, hata klabu ikaruhusiwa kusajili 12. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika mwaka wa 2023, na Simba wakafika fainali ya kombe hilo hilo mwaka wa 2025. Wangekuwa sahihi wanaosema kwamba wageni huua timu ya taifa, basi Taifa Stars ingekuwa marehemu. Badala yake, Tanzania ilifuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 na la 2025, ilhali Kenya haikuwemo katika lolote kati ya hayo mawili.

Hata hivyo, mfano huo nao una upande wa pili. Tazama orodha ya wafungaji bora wa ligi hiyo. Msimu wa 2022/2023 taji hilo lilienda kwa wawili waliofungana, Fiston Mayele wa Kongo na Saidi Ntibazonkiza wa Burundi. Msimu uliofuata likaenda kwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, na wa 2024/2025 kwa Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Misimu mitatu mfululizo, hakuna Mtanzania. Klabu kubwa hununua mabao kabla ya kitu kingine chochote, na nafasi ya mshambulizi ndiyo ya kwanza kumponyoka mwenyeji. Kijana asiyepewa dakika za kucheza hawezi kujifunza kufunga kwa kutazama.

Bara Ulaya lilipitia njia hii kabla yetu. Desemba 15, 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya mchezaji Mbelgiji, Jean-Marc Bosman, na kuondoa kizuizi cha idadi ya wachezaji kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Haikuchukua muda mrefu matokeo kuonekana. Desemba 26, 1999, Chelsea walianza mechi bila Mwingereza wala Mskoti hata mmoja. Februari 2005, Arsenal waliorodhesha wachezaji kumi na sita wa siku hiyo, pamoja na wa akiba, bila Mwingereza hata mmoja.

Sasa linganisha na Ujerumani. Mwaka wa 2000 Wajerumani walimaliza mkia katika kundi lao la Kombe la Ulaya wakiwa na pointi moja tu. Hawakuufunga mlango wa wageni. Waliamua kwamba klabu isiyo na kituo cha kulea vijana haitapewa leseni ya kucheza ligi kuu. Wachezaji sita wa kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka wa 2014 walikuwa wametwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wasiozidi miaka 21 mwaka wa 2009. Mbegu ilipandwa, ikangojwa, ikavunwa.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Swali tunalopaswa kuuliza si wageni wangapi wameingia, bali ni wenyeji wangapi wanalelewa. Sheria ya kupunguza wageni peke yake ni ua unaojengwa kuzunguka shamba ambalo halijalimwa. Utawazuia mbuzi wa jirani, lakini mahindi hayataota. Klabu isiyo na timu ya vijana, ikinyimwa wageni, haitalea chipukizi. Itakwenda kumnyang'anya jirani yake mchezaji aliyekwisha kulelewa.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema afukuzwe, wala hawakusema akae kitini akingoja chakula. Mgeni wa kandanda naye ana jembe lake, nalo ni kuinua kiwango cha wale anaocheza nao. Mwaka wa 2015 Gor Mahia walitwaa ubingwa wa ligi bila kushindwa. Katika safu yao ya mbele alikuwemo Meddie Kagere wa Rwanda, ambaye baadaye aliibuka mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo akiwa na Simba. Ubavuni pake alicheza kijana wa miaka 21, Michael Olunga. Mgeni hakumfungia mwenyeji mlango. Mwaka uliofuata Olunga alikuwa Sweden, na mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akatawazwa mchezaji bora wa msimu. Wala tusisahau kwamba huko kote Olunga ni mgeni. Iwapo kila nchi ingefunga mlango wake, vijana wetu wangekwenda wapi?

Mwenyekiti wa klabu atasema, na hatutampuuza, kwamba mashabiki hawangoji. Wakishindwa mechi tatu wanadai kocha afutwe. Nani atawaeleza kuhusu mtoto wa miaka kumi na mitatu? Jawabu liko Mathare. Chama cha michezo cha vijana wa mtaa ule, MYSA, kilianzishwa mwaka wa 1987, mwaka ule ule Gor Mahia walipotwaa kombe. Mwaka wa 2008 Mathare United, timu iliyozaliwa na chama hicho, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu. Miaka ishirini na mmoja ni mingi, lakini wale waliokuwa wakinunua wachezaji kila mwaka katika muda huo, wangapi wana kombe la kuonyesha?

Sasa niwageukie walimu, maana katika nchi hii kitalu cha kandanda kimekuwa shule kwa miaka mingi. Ni mwalimu anayebaki uwanjani jua likitua, anayetafuta nauli ya kwenda michezoni, anayemwombea mwanafunzi viatu. Kisha kijana huchukuliwa na klabu, na shule hubaki na picha ukutani. Wengi hawajui kwamba kanuni za Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, zinatenga asilimia 5 ya bei ya mchezaji anayeuzwa nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado haujaisha, na kuwagawia waliomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 ni robo ya asilimia moja. Kutoka 16 ni nusu ya asilimia.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Mchezaji akiuzwa kwa shilingi milioni 100, aliyemlea kutoka umri wa miaka 14 hadi 17 anastahili shilingi milioni moja na nusu. Fedha hizo zingenunua mipira na nyavu, na zingelipa nauli ya misimu kadhaa. Lakini hulipwa walezi waliosajiliwa na kutambuliwa na shirikisho la nchi. Shule isiyokuwa katika daftari hilo haihesabiwi, hata kama ndiyo iliyomfunza mtoto kupiga mpira.

Kwa hivyo ningependa wakuu wa kandanda yetu wayafikirie mambo matatu. Kwanza, klabu inayotaka kusajili mgeni ionyeshe timu ya vijana inayocheza mechi kwa hakika, si kwa karatasi. Pili, kwa kila mgeni anayeanza mechi, awepo kijana wa chini ya miaka 20 aliyehakikishiwa dakika za kucheza katika msimu. Tatu, shule zinazolea wanasoka zisajiliwe, na jina la mwanafunzi liandikwe tangu siku ya kwanza, ili haki ya mlezi isipotee njiani.

Wazee wetu walipomkaribisha mgeni ili mwenyeji apone, walikuwa na hakika kwamba mwenyeji yumo nyumbani. Ogam na wenzake walitokea Kasarani kutuonyesha kwamba yumo. Kinachobaki ni sisi kumlisha tangu utotoni, ili mgeni atakapobisha hodi, afunguliwe na mtu mwenye nguvu za kusimama.