Tamasha la kusaidia masikio lisije likayaumiza

Wengi wenu mnaoishi Nairobi, Mombasa na miji mingine mna chama cha watu wa kwenu. Kila mwezi mnakutana, mnachanga pesa za matanga na za karo, na pengine mara moja kwa mwaka mnafunga safari kwenda nyumbani kwa harambee. Wiki hii tuzungumzie harambee ambayo ni nadra kuisikia ikitangazwa: tamasha la muziki la kuchangisha pesa za afya ya masikio.

Nimechagua Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni, iwe mfano wetu. Ni mji mdogo wa Ukambani, na huenda unafanana na ule wa kwenu. Wanamuziki hawawezi kukosekana. Wakamba wamesifika tangu jadi kwa ngoma, filimbi na wachezaji wanaoruka sarakasi, na katika miaka ya 1970 na 1980 benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers ilichezwa hata na wasiojua neno moja la Kikamba. Wala kuimba kwa ajili ya wenye shida si jambo geni duniani. Tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki mashuhuri walikusanyika London na Philadelphia katika tamasha la Live Aid kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia.

Kabla ya kukodi jukwaa, hata hivyo, kamati yenu ijibu maswali mawili. Pesa zitakazopatikana zitafanya kazi gani? Na je, masikio ya watakaohudhuria yatarudi nyumbani salama?

KWA NINI MASIKIO?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo unaweza kuzuiwa.

Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1995 uliwapima watoto 5,368 katika shule 57 za msingi wilayani Kiambu. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 hawakuwa wakisikia vizuri, na karibu mmoja katika kila 100 alikuwa na ugonjwa sugu wa kutokwa na usaha sikioni.

Mtoto wa namna hii haonekani mgonjwa. Anakula, anacheza na anakimbia kama wenzake. Akiitwa haitiki, basi husemwa ni mtukutu. Mwalimu akisoma imla, yeye huandika nusu ya maneno, na mwisho wa muhula mzazi huletewa ripoti kwamba mtoto hana bidii. Mimi huletewa watoto kama hao kliniki kwa sababu ya mafua au homa, na mzazi hutaja sikio mlangoni anapoondoka: "Na hili sikio daktari, limetoa maji tangu akiwa mdogo, lakini tumezoea."

Sababu nyingine za kupoteza usikivu ni homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, na rubela inayompata mama akiwa mjamzito. Dawa fulani za sindano kama gentamaisini na streptomaisini pia zaweza kuharibu sikio la ndani. Kisha kuna uzee, na kuna kelele.

PESA ZIFANYE NINI?

Watu wengi wakisikia habari za masikio hufikiria kununua vifaa vya kusikia na kuwavisha watoto mbele ya wapiga picha. Vifaa hivyo ni vizuri na huwafaa wengi. Lakini betri zake nyingi huisha kwa wiki moja au mbili, na kipande kinachoingia sikioni hubidi kibadilishwe mtoto anapokua. Asipokuwapo wa kununua betri wala wa kurekebisha kifaa, baada ya miezi michache kitalala kabatini. Kwa hivyo kila mnapopanga kununua kifaa kimoja, tengeni na pesa za betri na matunzo yake ya miaka kadhaa.

Kabla ya vifaa, kuna kazi ndogo zisizo na picha nzuri. Nta iliyoziba sikio huondolewa na mhudumu aliyefunzwa kwa dakika chache. Usaha nao hutibika zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka wa 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Kiambu wenye usaha sugu. Waliosafishwa na kukaushwa sikio na kupewa dawa za kuua viini, asilimia 51 walikuwa wamekauka baada ya wiki 16. Waliokaushwa tu bila dawa walikuwa asilimia 22, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Hii ina maana kwamba harambee ya Mbumbuni ikilipia kifaa cha kuangalilia sikio kwa kila zahanati, mafunzo ya wauguzi, dawa za matone na nauli ya watakaopewa rufaa, itawafikia watoto wengi kwa pesa kidogo. Chanjo za watoto zimekwishalipiwa. Kinachotakiwa jukwaani ni kuwakumbusha wazazi wasiziache. Kenya ilianza kutumia chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka wa 2016.

SPIKA NAZO

Sasa tuje kwa jambo ambalo waandalizi husahau. Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini hukubali desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Zikifika 100, umebakiwa na dakika 15. Mtoto aliyesimama mbele ya spika kubwa kuanzia saa nane mchana hadi jioni amepita kiwango hicho zamani.

Wanamuziki wenyewe wanalijua hili. Pete Townshend wa bendi ya The Who ya Uingereza, iliyosifika kwa kelele, alisema hadharani kwamba masikio yake yaliharibika, na alisaidia kwa pesa shirika la HEAR lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1988 kuwatahadharisha wanamuziki na mashabiki. Chembe za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Mwaka wa 2022 WHO ilitoa kanuni za kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15 zozote, sauti ipimwe muziki unapoendelea, vizibo vya masikio vipatikane, na kuwe na mahali patulivu pa kupumzika. Kwa kuwa harambee ya kijijini hujaa watoto, mimi ningemwomba fundi wa mitambo asiifikishe 100. Spika ziinuliwe juu, na kamba ifungwe ili watu wakae mbali nazo. Uwanjani, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hushuka kwa karibu desibeli 6.

SIKU YENYEWE

Upimaji wa masikio ufanywe asubuhi, kabla ya chombo chochote kuwashwa, tena katika darasa tulivu mbali na uwanja. Sababu ni mbili. Kipimo hakiwezi kuaminika penye kelele, na sikio lililotoka kwenye muziki mkubwa huwa limepungukiwa usikivu kwa muda. Andikeni jina la kila atakayepatikana na tatizo, na la mzazi wake, ili kamati ijue nani wa kufuatiliwa. Kumpima mtoto na kumwacha hapo hakumfai kitu.

Awepo mkalimani wa lugha ya ishara jukwaani. Viziwi ni wageni wa heshima katika shughuli hii, na wengi wao hufurahia ngoma kwa kuhisi mtikisiko wake kifuani na miguuni. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba ya 2010 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Mapema, mjulisheni chifu na polisi, na muulize ofisi ya kaunti kuhusu vibali vya kelele na vya kuchangisha. Fulana, hema na chakula cha wageni visimeze mchango. Mweka hazina asome hesabu hadharani siku hiyo, kisha azisome tena baada ya miezi sita, pamoja na idadi ya watoto waliotibiwa.

Na wewe usiye na tamasha la kuandaa, mwangalie mtoto wako leo. Akiongeza sana sauti ya televisheni, akisema "nini?" kila mara, au sikio lake likitoa maji, mpeleke akaangaliwe. Usimtie mafuta, maji ya majani wala njiti ya kiberiti sikioni. Ukitoka disko au kwenye matatu yenye muziki mkubwa na masikio yako yakavuma hadi kesho yake, hiyo ni ishara ya hatari. Yakivuma mara kwa mara, nenda ukapimwe.