Mwenye Presha na Mlima: Kuanza Mazoezi kwa Busara

Mwamini anapoambiwa kwamba ana shinikizo la juu la damu, mara nyingi huangukia kosa moja kati ya mawili. Wapo wanaoogopa, wakaacha hata kutembea kwenda Jumuiyani. Wapo pia wanaoanza mara moja kukimbia mlimani na, wakijisikia nafuu, huacha dawa. Yote mawili yanahatarisha uhai ambao, kadiri ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2288), Mungu ametukabidhi tuutunze kwa busara.

Mazoezi ya mara kwa mara huimarisha moyo na kulegeza mishipa, hivyo shinikizo hushuka. Lakini hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye kuzipunguza ni daktari. Kabla ya kuanza, nenda ukapimwe. Kipimo kikifika 180/110, mazoezi yasubiri hadi presha idhibitiwe. Mwenye maumivu ya kifua, kisukari au ugonjwa wa moyo apate kwanza ushauri wa daktari.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Usizitafute zote siku za mwanzo. Tembea dakika 10 kila siku, ukiongeza kidogo kidogo hadi ufikie dakika 30 kwa siku tano za juma. Mwendo wa wastani hutambulika hivi: waweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Kwetu sisi, swali kubwa ni mlima. Anayeishi Moshi mjini hupata njia zisizo na mwinuko mkali. Anayeishi Kibosho, Uru au Kilema, akitoka tu kihambani hukutana na mpando. Huyo na aanze na vijia vya kando ya mifereji ya asili, kwa kuwa wazee wetu waliichimba ikiambaa na mlima kwa mteremko mdogo. Wakati wa mvua awe mwangalifu, maana huteleza. Baada ya majuma kadhaa ajaribu mwinuko, akipanda kwanza ili kurudi nyumbani kuwe kushuka. Anayeanza kwa kushuka hukutana na mpando akiwa amekwisha kuchoka.

Kazi za shamba nazo ni mazoezi. Hata hivyo, kunyanyua mkungu wa ndizi huku umebana pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Gawanya mzigo, na utoe pumzi unaponyanyua.

Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama mara moja. Hali isipotulia, au upande mmoja wa mwili ukilegea, wahi hospitali bila kukawia.

Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kusaidia sana, wanajumuiya wakitembea pamoja kwenda kuwatazama wagonjwa. Na katika Njia ya Msalaba inayopanda kilima, mwenye presha asione haya kupumzika kituoni. Anayepanda polepole naye hufika.