MIAKA 50 BUNGENI: NANI ALILIPA KAMPENI?



Kila mara uchaguzi unapokaribia, hapa Goma tunaona mambo yale yale. Magari yenye vipaza sauti yanapita Birere na Majengo, vijana wanavaa mipira yenye picha ya mtu, wamama wanapewa vitenge, chumvi na sabuni. Tunafurahi, tunaimba, kisha tunarudi nyumbani. Lakini ni wachache wanaouliza: makuta hayo yote yametoka wapi? Na yule aliyeyatoa atayarudisha mfukoni namna gani?

Ili tuelewe vizuri, nataka kueleza habari ya depite mmoja wa Kenya, Mwai Kibaki. Juu ya nini Mkenya? Kwa sababu yeye alikaa bungeni miaka 50 bila kukatika, tangu 1963 hadi 2013, na ndani ya miaka hiyo aliijua pesa ya siasa kwa pande zote. Alikuwa mlinzi wa hazina ya serikali, baadaye akashindana na watu wenye hazina hiyo, na mwishowe serikali ikawa yake mwenyewe.

1. KAZI YAKE

Kibaki alizaliwa 1931 kule Othaya, karibu na mji wa Nyeri. Alisoma uchumi Makerere, Uganda, halafu London, akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 aliacha ualimu akaenda kufanya kazi katika ofisi ya chama cha KANU. Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, alichaguliwa depite katika mji wa Nairobi.

Msifikiri alishinda kwa urahisi siku zote. Katika uchaguzi wa 1969 alimshinda mama mmoja, Jael Mbogo, kwa kura chache sana, tena watu walibishana juu ya matokeo. Kwa hiyo 1974 alihama, akaenda kuomba kura kwao Othaya. Huko hakushindwa tena hata mara moja.

Tangu 1969 aliongoza Wizara ya Fedha kwa zaidi ya miaka 10. Alikuwa makamu wa rais tangu 1978 mpaka 1988, kisha Rais Moi akamshusha kuwa waziri wa afya. Desemba 1991 alijiuzulu, akaanzisha chama chake, Democratic Party. Alishindwa na Moi mwaka 1992 na 1997, lakini Desemba 2002 akashinda urais. Katiba ya Kenya ya wakati ule ilitaka rais awe depite pia, ndiyo maana Othaya iliendelea kuwa na depite anayelala Ikulu. Aliacha kazi 2013, akafa Aprili 2022.

2. PESA INATOKA WAPI?

Njia ya kwanza ni harambee. Neno hili Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa lote, maana yake watu wavute pamoja. Wanakijiji wanachanga ili wajenge shule au zahanati. Ni jambo jema, hata sisi tunachanga kanisani. Lakini polepole depite akaanza kufika na bahasha. Jina lake linasomwa, kiasi kinatangazwa kwa sauti, watu wanapiga makofi. Hapo mchango umegeuka kampeni, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Sasa tupige hesabu. Mshahara wa depite hauwezi kujaza bahasha kila siku ya posho. Sharti aombe kwa rafiki zake wenye biashara. Nao hawatoi bure: wanangoja kandarasi, ruhusa ya kuingiza mali, au shamba la serikali. Kwa hiyo kijiji kinapata mabati ya shule, lakini nchi nzima inalipa mabati hayo mara nyingi bila kujua. Shirika la Transparency International la Kenya lilipohesabu harambee zilizoandikwa magazetini, liliona michango ya wanasiasa inapanda sana katika miaka ya uchaguzi. Kama ingekuwa huruma tu, ingekuja pia katika miaka mingine.

Njia ya pili ni hazina ya Leta. Mwaka 1992 ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Kenya baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Kibaki alisaidiwa na wafanya biashara na wakulima wenye mali, hata watu wakasema chama chake ni cha matajiri. Lakini upande wa KANU pesa ilimwagika zaidi. Kikundi cha vijana kilichoitwa YK'92 kiligawa noti kwa wingi, hata noti ya shilingi 500 ikapewa jina la Jirongo, kiongozi wa vijana wale. Miaka ile ile serikali ilikuwa inalipa kampuni ya Goldenberg malipo makubwa ya kuuza nje dhahabu na almasi, na huku Kenya haichimbi almasi.

Moi alishinda. Lakini tazameni kilichofuata. Noti zilikuwa nyingi na vitu sokoni havikuongezeka, kwa hiyo 1993 bei zilipanda karibu 46 kwa 100. Mama aliyepokea noti moja ya kampeni aliirudisha kidogo kidogo, kila siku aliponunua unga na mafuta ya taa. Kumbe zawadi ile ilikuwa mkopo, na yeye ndiye aliyelipa faida.

Njia ya tatu ni ile ya mtu aliye juu. Kibaki alipopata urais alifanya mambo mema. Januari 2003 shule za msingi zikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani. Sheria ya mwaka huo iliwakataza wakubwa wa serikali kutumia cheo chao kukusanya harambee. Tena serikali ilianza kutenga 2.5 kwa 100 ya mapato yake kwa maendeleo ya kila jimbo la depite. Lakini depite mwenyewe alikuwa na mkono mkubwa katika kuchagua kamati ya pesa hiyo. Basi katika mahali pengi shule ilijengwa kwa kodi ya watu, kisha depite akaandika jina lake ukutani kama vile ametoa mfukoni.

Tena ikaja habari ya Anglo Leasing. John Githongo, ambaye Kibaki mwenyewe alimweka kupigana na rushwa, aligundua mikataba mikubwa ya serikali na kampuni zisizoonekana. Mwaka 2005 alikimbilia Uingereza, na 2006 maandishi yake yakatoka magazetini. Aliandika kwamba wakubwa fulani walimwambia pesa ile ni ya kugharimia siasa. Wao walikana. Lakini ona: wale walioingia kwa kulaumu Goldenberg wakajikuta wanaulizwa swali lile lile.

Mwaka 2013 Kenya ilitunga sheria ya kuweka mpaka wa pesa za kampeni. Lakini kanuni zake zilihitaji kukubaliwa na bunge, na mwaka 2021 wabunge walizikataa. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila mpaka huo. Ni vigumu mtu kukata ngazi aliyopandia.

3. NA KWETU?

Tusicheke jirani. Kwa uchaguzi wetu wa Desemba 2023, sheria ilidai dhamana ya franga 1.600.000 kwa mgombea wa bunge la taifa. Mwalimu au muuguzi ataitoa wapi? Na hiyo ni mlango tu, bado gari, mafuta, picha, mashahidi wa kila chumba cha kura. Sheria ya 2008 inasema Leta isaidie vyama kwa pesa, lakini wagombea wengi tunaowaona wanajitafutia wenyewe. Kwa hiyo maskini mwenye akili anabaki nyumbani, au anajiuza kwa tajiri kabla hata hajachaguliwa. Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 juu ya udanganyifu na makosa mengine. Na ndugu zetu wengi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa sababu ya vita.

Wengi wetu wa darasa la 6 tumefikia umri wa kuchagua. Siwaambii mkatae chumvi, najua njaa iko nyumbani. Lakini mgombea akija, tumuulize maneno matatu mbele ya watu wote. Nani amekulipia gari hili? Umemwahidi nini? Ulipokuwa bungeni, ulipiga kura gani juu ya pesa ya nchi? Asiyetaka kujibu, naye ametujibu.

Msiseme haifai kitu. Mwaka 2007 kule Kenya wabunge waliogawa pesa ya majimbo miaka minne walirudi kuomba kura, na zaidi ya nusu yao walifukuzwa na wapiga kura.

Wale wa somo la dini watakumbuka 1 Samweli sura ya 12. Samweli alikuwa mzee, ameongoza tangu ujana wake. Kabla ya kuacha kazi alisimama mbele ya Israeli yote, akawataka washuhudie kama amechukua ng'ombe au punda wa mtu, au amepokea rushwa kwa mkono wa nani. Hakungoja kuulizwa. Nasi, kama depite wetu hajiulizi, tuna kazi ya kumuuliza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6